Eli Hakumjibia Samweli: Kumsaidia Kijana Asiyejua Asomee Nini

Neno la wiki: 1 Samweli 3:1–18



Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, kuna swali linaloingia katika nyumba zetu hapa Garissa na kukataa kutoka. Furaha ya gredi haimalizi hata wiki mbili. Kisha KUCCPS, ile taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, inafungua maombi. Kijana anaketi kwenye saiba, au anashika simu ya mama yake, anafika pale pa chaguo la kwanza na hana la kuandika. Ukimwuliza, "Unataka kusomea nini?" anakujibu, "Sijui." Ukimwuliza mara ya pili, anakuangalia usoni aone wewe unataka aseme nini.

Na siku hizi swali lenyewe halingojei Kidato cha Nne. Watoto wa mtaala mpya wanachagua mkondo wakiwa bado Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Yaani tunamwuliza mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano jambo ambalo wengi wetu tulifika miaka thelathini bila kulijua.

Leo sitataja kozi iliyo nzuri kuliko nyingine. Nataka tuulizane swali la dhamiri. Sisi tulio wakubwa, wazazi, walimu, wachungaji, wajomba na shangazi, tuna haki gani juu ya jibu la huyu kijana? Tumsaidie mpaka wapi, na tukomee wapi?

1. Mtoto alimkimbilia mtu ambaye hakumwita

Habari ya Samweli tunaijua tangu Shule ya Jumapili, lakini isome tena polepole. Ni usiku, Shilo. Eli ni mzee, macho yake yamefifia. Samweli amelala. Anasikia akiitwa kwa jina, anaruka, anakimbia. Anakimbia wapi? Kwa Eli. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, Mungu anaita na mtoto anakwenda kwa mzee.

Ona mambo matatu hapo.

La kwanza, Samweli hakukemewa kwa kutojua. Mstari wa 7 unaeleza wazi kwamba alikuwa bado hajamjua Bwana kwa namna hiyo. Alikosea mara tatu, na mara ya nne Mungu akaja akaita tena. Kwa hiyo kijana wangu unayesoma hapa, kama umekwama, usijione kwamba umelaaniwa au huna imani. Kutojua si dhambi. Hata Samweli wa Bwana alianzia hapo.

La pili, mtoto aliyelelewa vizuri huchanganya sauti ya Mungu na sauti ya mtu aliyemlea. Hilo si kosa lake. Sauti ya Eli ndiyo aliyoizoea, ndiyo iliyomwamsha asubuhi na kumtuma huku na huku. Hata watoto wetu wako hivyo. Kijana akisema, "Nahisi Mungu ananiita niwe daktari," huenda ni Mungu. Huenda pia ni mama, aliyelisema neno hilo mezani tangu mtoto akiwa darasa la pili.

La tatu ndilo zito. Eli angeweza kusema, "Ndiyo, nimekuita." Mtoto amesimama kando ya kitanda, tayari kwa lolote. Mzee macho hayaoni, anahitaji mtu wa kumshika mkono, na wanawe mwenyewe wamemshinda. Angempa kazi yoyote usiku ule na Samweli angeifanya akidhani anamtumikia Mungu. Wapendwa, mtoto mtiifu ni rahisi sana kutumiwa. Eli hakumtumia. Alisema ukweli: si mimi niliyekuita, rudi ukalale. Na alipotambua ni nani anayeita, hakwenda kusikiliza kwa niaba ya mtoto. Alimfundisha namna ya kuitikia, akamrudisha mahali pake, peke yake, gizani.

Huo ndio msaada ninaotaka tuuelewe wiki hii. Mtu mzima anamfundisha kijana kusikia, kisha anamwachia nafasi asikie mwenyewe.

2. Dhambi tunayoiita ushauri

Sasa tuseme ukweli, maana sisi ni watu wa Roho na tunaamini Mungu husema hata leo. Mimi naamini. Lakini kwa sababu tunaamini hivyo, kuna kosa ambalo ni jepesi kwetu kuliko kwa wengine. Ni kumwekea kijana mikono kichwani na kutamka, "Bwana ananionyesha wewe ni wakili," wakati Bwana hajaonyesha kitu; ni sisi tuliotamani kuwa na wakili kanisani. Au mzazi kusema, "Nimefunga siku tatu na Mungu amesema ni uhandisi," wakati uhandisi alikuwa ameshauchagua kabla hajaanza kufunga.

Yeremia 23 inawaendea kwa ukali manabii waliotoa maono ya mioyo yao wenyewe na kuyapachika jina la Bwana. Amri ya kutolitaja bure jina la Mungu haiwahusu tu wanaoapa ovyo sokoni. Inamhusu pia mzazi anayetia sahihi ya Mungu kwenye barua aliyoiandika yeye.

Na madhara yake ni makubwa. Nikikuambia, "Mimi kama baba naona usomee biashara," unaweza kubishana nami. Unaweza kusema, "Baba, hesabu zangu ni dhaifu." Nikikuambia, "Mungu amesema," nimekufunga mdomo. Ukifuata na kozi ikakushinda mwaka wa pili, utakasirika na nani? Si na mimi. Utakasirika na Mungu ambaye hakuhusika. Wapo vijana walioacha kanisa wakiwa chuoni, na hawakumwacha Kristo kwa sababu ya Kristo. Walikimbia sauti ya mtu iliyovaa joho la Mungu.

Kwa hiyo, mzazi, sema maoni yako. Yaseme kwa nguvu ukitaka, lakini yaite kwa jina lake. "Haya ni maoni yangu." "Hii ni hofu yangu." "Hii ilikuwa ndoto yangu mimi, sikupata karo." Kijana akijua sauti hii ni yako, ataweza kuipima, na siku Mungu akimwita atajua tofauti.

3. Lakini je, Hana?

Mtu atauliza, na ana haki: mbona Hana alimchagulia Samweli kazi kabla hata hajazaliwa? Alimweka nadhiri. Mtoto hakuulizwa.

Ni kweli, na siwezi kulipunguza Neno ili lifuate hoja yangu. Lakini tazama nadhiri ile ilimgharimu nani. Ilimgharimu Hana. Alimpata mtoto baada ya machozi ya miaka, akamwachisha ziwa, akampeleka Shilo, akarudi nyumbani mikono mitupu. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Hakusema, "Nimekutoa kwa Bwana, sasa nitumie pesa kila mwisho wa mwezi." Nadhiri nyingi tunazowawekea watoto wetu zinakwenda upande mwingine. Mtoto ndiye anayelipa miaka minne au sita ya maisha yake, na sisi ndio tunaopata sifa ya kuitwa mama daktari au baba injinia. Ukitaka kujua kama nadhiri yako ni ya Hana, uliza: nani analipa, na nani anafaidi?

Tena hata Hana alimfikisha mlangoni tu. Usiku Mungu alipoita, Hana hakuwepo.

Lakini haki ya familia nayo ni haki ya kweli. Hapa kwetu kijana hasomi kwa pesa zake. Baba ameuza ng'ombe, mama amefunga kibanda kwa mkopo wa chama, dada mkubwa ameahirisha masomo yake ili huyu aende. Wale wanaowaambia vijana "fuata moyo wako, basi" hawajawahi kuona nyumba ikipungua sahani kwa sababu ya karo. Waefeso 6 inamwagiza mtoto kuwatii na kuwaheshimu wazazi, na papo hapo inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi hasira. Amri zote mbili ziko ukurasa mmoja.

Mimi nagawanya hivi. Familia ina haki kamili ya kusema ukweli wa nyumba: "Tuna kiasi hiki. Nyuma yako kuna watatu. Kozi ya miaka sita tukiianza hatutaimaliza." Kijana anayependa watu wake lazima ahesabu hilo, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Familia haina haki ya kuumba mapenzi ndani ya kifua cha mtu mwingine. Onyesha uzio ulipo. Ndani ya uzio, mwache achague.

4. Kijana anayengoja sauti

Nawe kijana, nina neno lako pia. Kuna anayesema, "Mimi nangoja Mungu aseme." Anangoja mpaka maombi ya KUCCPS yanafungwa, halafu anasema ni mapenzi ya Bwana. Hapana. Huo ni uvivu uliovaa nguo za ibada.

Soma Kutoka 31. Mungu anasema amemjaza mtu mmoja Roho wake. Si nabii, si kuhani. Ni Bezaleli, fundi: dhahabu, fedha, shaba, kuchonga mawe, kuchonga mbao. Hebu wewe mwenyewe fikiri. Sisi Wapentekoste tunataja ujazo wa Roho kila Jumapili, na hapo Mungu anautaja kwa mtu mwenye patasi mkononi. Maana yake wito wako huenda haujasikika masikioni kwa sababu tayari uko mikononi. Kitu gani unakifanya bila kutumwa? Redio ikiharibika nyumbani, nani huifungua? Mgonjwa akilazwa, nani hubaki naye usiku bila kulalamika? Mahesabu ya ushirika wa vijana yakikosana, nani hawezi kulala mpaka yapatane?

Na soma Matendo 16. Paulo alijaribu kwenda Asia akazuiwa, akajaribu Bithinia akazuiwa, kisha Troa akaona maono ya mtu wa Makedonia. Milango ilifungwa mbele ya mtu anayetembea. Ni vigumu Mungu kukufungia mlango kama hujasimama hata kwenye mmoja.

Tena usidhani ukikosea siku moja umeharibu maisha yote. KUCCPS huwa na kipindi cha kubadilisha machaguo, na baada ya kupangiwa kuna nafasi ya kuomba uhamisho. Danieli na wenzake hawakuchagua kozi kabisa. Mfalme wa Babeli aliwapangia lugha na elimu ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Walikataa kujitia unajisi kwa chakula, lakini darasani walikaa na Mungu akawapa maarifa huko huko. Ukipangiwa chaguo la nne, Mungu hajakupoteza kwenye kompyuta.

5. Kazi ya Eli wa leo

Basi mtu mzima afanye nini hasa? Mithali 20:5 inafundisha kwamba yaliyo moyoni mwa mtu yako chini sana, kama maji ya kilindi, na mwenye busara ndiye anayeyapandisha. Sisi watu wa ukame tunajua kuteka. Unateremsha kamba, unangoja ndoo ijae, unavuta taratibu. Ukimimina maji yako mwenyewe kisimani kwa mwenzako, halafu ukayateka ukasema "ona, kisima kina maji," umejidanganya wewe na yeye.

Kuteka kwenyewe ni hivi.

Keti naye, na uulize zaidi ya unavyosema. Usimwulize tu "unataka kuwa nani?" Swali hilo ni kubwa mno. Uliza madogo. Ni somo gani ulilokuwa ukilifungua hata bila mtihani? Kazi gani ukiifanya unachoka mwili lakini roho haichoki? Katika mji huu, shida gani inakuuma ukiiona? Mmoja atakuambia ni mafuriko ya Tana yanayokata barabara kati ya Madogo na mjini. Huyo mwonyeshe uhandisi wa maji, upimaji wa ardhi, mazingira. Mwingine atakuambia ni ng'ombe wanaokufa wakati wa kiangazi. Mpeleke soko la mifugo akaongee na daktari wa wanyama. Mwingine anashangaa jinsi jua letu linavyofanywa umeme pale kwenye mitambo ya megawati 50 iliyozinduliwa mwaka 2019. Kumbe kuna kozi ya hilo.

Soma naye karatasi ya matokeo kwa ukweli. Tuseme binti amepata B- kwa jumla. Baiolojia B+, Kiswahili A-, Hesabu D+. Baba anataka uhandisi. Kwa D+ ya Hesabu, digrii ya uhandisi haimo hata mezani, na kumwambia "amini tu" ni kumtesa. Kila digrii ina masomo yake manne yanayohesabiwa, kwa jumla ya pointi 48, na ina masharti yake. Digrii inaanzia C+, diploma inaanzia C-. Anayetaka kufundisha sekondari lazima awe na C+ kwa jumla na pia C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Mambo haya hayahitaji ufunuo. Yameandikwa, yasome.

Lakini usiisome karatasi kama hukumu. Tangu walimu wasio wenyeji waanze kuondolewa kaskazini mashariki kwa sababu ya usalama, kuna watoto waliokaa muhula baada ya muhula bila mwalimu wa Fizikia au Kemia. D+ ya somo lisilofundishwa haisemi kwamba Mungu hakumpa mtoto akili ya somo hilo. Kuna ngazi: cheti, diploma, halafu digrii. Ni ndefu, lakini inafika.

Hesabuni gharama pamoja. Tangu mwaka 2023 ada ya chuo kikuu cha umma imekuwa ikigawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na familia, kulingana na uwezo wa nyumba. Mfumo huo umebishaniwa mpaka mahakamani, kwa hiyo ulizeni hali ya mwaka wenu. Kupangiwa chuo hakuleti pesa kwenyewe. Ufadhili na mkopo lazima viombwe, na mkopo hulipwa. Ulizeni pia kama kozi inatambuliwa na baraza la taaluma hiyo, iwe ni uuguzi, uhandisi au sheria, ili mtu asisome miaka minne kisha anyimwe leseni.

Msiinue digrii na kudharau mkono. Hapa mjini tuna Chuo Kikuu cha Garissa, tuna KMTC, tuna North Eastern National Polytechnic. Kijana akienda politekniki kusomea umeme au ufundi wa magari, mwiteni mbele ya kanisa mumwombee kama mnavyomwombea anayekwenda chuo kikuu. Paulo alishona mahema na hakuona haya.

Mwisho, mwache abonyeze mwenyewe. Usichukue nywila yake ukaingia usiku kubadilisha machaguo. Yapo mambo ya namna hiyo, na mnajua. Huko ni kumwibia mtu usiku wake na Mungu.

6. Sauti inayoitwa hofu

Siwezi kuandika haya nikiwa Garissa bila kulitaja lililo mioyoni mwetu. Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya Ijumaa Kuu, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu chetu hapa, wengi wao wanafunzi, na baadhi walikuwa katika maombi ya alfajiri. Wengi walikuwa wametoka kaunti za mbali, wamekuja tu kusoma. Waliopona walihamishiwa Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo kinafundisha.

Kabla ya hapo, Novemba 2014, watu 28 waliuawa ndani ya basi lililotoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za kanisa hili, mtoto akisema "nataka kuwa mwalimu, na nirudi kufundisha huku," sebule inanyamaza.

Tufanye nini na hofu hiyo? Wengine wanaikemea kama pepo. Mimi nasema ihesabuni. Usalama ni sehemu ya gharama ya mnara, kama karo. Mzazi anayeogopa hajakosa imani. Amezika watu, au anajua aliyezika.

Lakini hapo ndipo nilipoona wazi kwa nini hakuna mtu anayeweza kujibu kwa niaba ya kijana. Mahali pengine kuchagua kozi ni suala la mshahara. Hapa kwetu kazi nyingine ina bei ambayo ni mwitwaji peke yake atakayeilipa. Mchungaji asisimame madhabahuni kumwambia mtoto wa mwenzake, "Mungu anataka urudi Ijara ukafundishe," ikiwa wa kwake amemtafutia nafasi Nairobi. Wala mzazi asiseme, "Mungu hawezi kukutuma huko," kana kwamba yeye anaijua mipaka ya Mungu. Ujasiri haukopeshwi. Ukimtuma mtu kwa ujasiri wako, utakwisha siku ya kwanza ya shida, maana haukuwa wake. Akienda kwa sababu yeye mwenyewe amesikia, atakuwa na kitu cha kushikilia.

Nakumbuka pia mwalimu Salah Farah. Alikuwa Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu. Desemba 2015, basi liliposhambuliwa huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, naye akapigwa risasi. Alifariki Januari 2016. Simtaji ili nimfanye somo la kidini. Namtaja kwa sababu tunapouliza "ualimu utakupeleka wapi?" tunawaza cheo na nyumba. Siku ile ndani ya basi alisimama mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa wengine, na Wakristo wenzetu walirudi nyumbani wakiwa hai. Hakuna mtu aliyemchagulia jibu lile.

7. Asubuhi yake

Wengi wetu tukihubiri habari hii tunaishia mstari wa 10, Samweli anaposema yuko tayari kusikia. Tunapiga makofi. Lakini kuna asubuhi. Samweli aliamka akafungua milango ya nyumba ya Bwana, na aliogopa kumwambia Eli alichosikia, kwa kuwa neno lile lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli.

Eli akamwita, akamsihi asimfiche kitu. Mtoto akasema yote. Na yule mzee, akiwa amepoteza kila kitu kwa jibu ambalo yeye mwenyewe alimfundisha mtoto kulipokea, alikubali kwamba huyo ni Bwana na atende aonavyo vema. Hakusema, "Umesikia vibaya, rudi ukalale tena mpaka usikie lingine."

Mzazi, hapo ndipo utakapojulikana. Unaweza kuuliza maswali yote mazuri niliyoyaandika na bado ukawa unangoja jibu moja tu. Kijana akirudi akasema, "Mama, nimeomba, nimehesabu, nimeuliza. Si udaktari. Nataka kusomea ukulima," je, utamsihi akuambie yote, au uso wako utamfunga mdomo? Watoto wetu husoma nyuso kabla hawajasoma Maandiko.

Na kuna faraja kwa mzazi anayesema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" au "Wa kwanza alinishinda, nina haki gani ya kumshauri huyu?" Eli alikuwa na macho yaliyofifia na wana walioharibika. Hakuwa baba wa kupigiwa mfano. Lakini usiku mmoja alifanya jambo moja sawasawa, alimwambia mtoto ukweli kwamba si yeye aliyeita, na Israeli yote ikapata nabii.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kuna jambo ulilowahi kuambiwa ni la Mungu, baadaye ukagundua lilikuwa la mtu? Lilikufanya nini?
2. Wazazi: taja kozi moja ambayo mtoto wako akiichagua utaumia. Ni nani anayeumia hapo, ni yeye au ni sifa yako?
3. Vijana: ni kazi gani katika mji huu ambayo mngependa kuiona kwa siku moja? Ndugu au dada gani katika ushirika huu anaifanya?
4. Kanisa: tunawapokeaje hadharani walioenda politekniki, na waliokosa gredi ya kwenda popote?

Maombi ya wiki

Tuwaombee watahiniwa na wote wanaojaza machaguo msimu huu. Tuwaombee walimu waliobaki kaskazini mashariki, wenyeji na wageni. Tuzikumbuke familia za wale 148. Na kila mzazi aombe kwa jina la mtoto wake, akimsihi Bwana ampe masikio ya kusikia, na ampe yeye mzazi kinywa cha kusema kweli: mwanangu, si mimi niliyekuita.

Amina.